Kwa nini tulimpeleka Mama kula samaki nganda



Tangu Jumapili nimeulizwa swali moja mara nyingi: mlangoni mwa kanisa, sokoni Kadutu, hata kwenye likelemba yetu ya Jumanne. "Eti mulipeleka mama yenu mu nganda? Mama wa miaka 78?" Ndiyo, tulimpeleka. Tulikuwa watu 23, kuanzia yeye mpaka kitoto cha miezi saba, tukakaa pembeni ya ziwa tangu saa tisa na nusu mpaka giza lilipoingia. Naandika hapa ili nijibu wote mara moja. Tena najua si sisi peke yetu wenye shida tuliyokuwa nayo.

Shida yenyewe ni hii. Sisi ni watoto sita. Baba alipokufa alituacha na kiwanja kimoja Kadutu, nyumba ya mbele na vyumba viwili vya nyuma. Mama anakaa katika nyumba hiyo pamoja na kaka yetu mkubwa na familia yake. Mwaka wa pili baada ya kilio, kaka aliuza kipande cha nyuma bila kutuita. Alisema alikuwa na deni la hospitali la Baba. Dada yetu anayemfuata alisema deni lile tulishalilipa sote kwa mchango. Maneno yakawa makali mbele ya majirani, na siku ile dada aliapa kwamba hataingia tena katika kile kiwanja.

Alishika neno lake miaka sita. Lakini katika kile kiwanja ndimo anamokaa Mama. Kwa hiyo miaka sita dada yangu alimwona mama yake kanisani, sokoni, na mara mbili kwenye kitanda cha hospitali. Akipika kitu kizuri, anamtuma mtoto akipeleke mpaka kwenye lango. Mama anapokea sahani, anarudisha sahani. Ndivyo walivyoishi, mtu na mtoto wake, katika mji mmoja, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Likizo hii kubwa tukasikia kwamba wote sita tutakuwa Bukavu kwa wakati mmoja. Ndugu yetu wa Uvira angepanda na watoto wake, dada wa Kamituga alikuwa na safari ya mjini, na kitindamimba wetu angekuja na boti kutoka Goma. Nikamwambia Mama tuite mkutano wa familia. Akanikatia maneno: "Weye mutoto, mimi sitaki mukutano. Mikutano tulifanya mingi. Mimi nataka tukule. Nikufe nikiwa nimeona batoto bangu kwa meza moja."

Kula wapi?

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwa kaka hatuwezi, dada haingii. Kwa dada, kaka atasema anaitwa kuhukumiwa. Kwangu mimi? Wote wawili wanajua kwamba katika maneno yale nilimpa haki dada, hata kama nilinyamaza. Kila nyumba ilikuwa na upande wake. Na kuna jambo jingine ambalo wake wa ndugu zetu hawalisemi kwa sauti: chakula cha familia nyumbani ni chakula chetu sisi wanawake kukipika. Unaamka saa kumi na moja kuponda sombe, unapuliza makaa, unageuza bugali wa watu ishirini, halafu unakula mwisho, umesimama, kilichobaki kwenye sufuria. Chumvi ikizidi, maneno ni yako. Katika familia yenye ugomvi, hata ukubwa wa kipande cha nyama unageuka kesi.

Ni kitindamimba aliyesema, "Twende nganda ya samaki." Tulicheka. Yeye hakucheka. Alisoma Japani miaka miwili, nchi ambayo sisi tunaijua kwa magari yenye usukani wa kuume yanayopanda na kushuka Bukavu. Akatueleza kwamba huko kuna nyumba za kula na kunywa zinazoitwa izakaya. Zamani, wakati wa Edo, zilikuwa maduka ya kuuza sake, pombe yao ya mchele. Watu wakaanza kukaa palepale dukani na kunywa, wenye maduka wakaanza kuwawekea vitu vidogo vya kula, na jina lenyewe lina maana hiyo: duka la sake ambamo mtu anakaa. Nyingi ni za samaki: wa kuchoma, wa kukaanga, wabichi waliokatwa vipande vyembamba. "Lakini si samaki ninaowaeleza," akasema. "Ni namna ya kula. Huko hakuna mtu mwenye sahani yake. Vyakula vinakuja kidogo kidogo, vinawekwa katikati, kila mtu anachukua. Mkubwa wa kazi na mdogo wa kazi wanakaa meza moja. Na hakuna mwenye nyumba, kwa hiyo hakuna mgeni."

Neno hilo la mwisho lilinikaa kichwani. Hakuna mwenye nyumba, kwa hiyo hakuna mgeni.

Mama alikuwa na shaka. Katika wakati wake, mwanamke wa heshima hakuingia nganda, na wengi wenu bado mnafikiri hivyo. Nikamwambia kwamba hata neno nganda halikuanza na bia. Kwa wavuvi wa mto Kongo, nganda ilikuwa kambi yao, mahali pa kushusha samaki, kuwasha moto na kula pamoja kabla ya kurudi kijijini. Akafikiri, akasema, "Basi kama ni ya bavuvi, twende. Lakini muziki bapunguze."

Kuona mahali kwanza

Siku ya Jumatano mimi na mke wa kaka yangu tulishuka kuangalia. Ninyi mnaujua mji wetu: umekaa juu ya vilima, na rasi zake tano zimeingia ziwani kama vidole vya mkono. Ukitoka Kadutu unashuka mpaka Nyawera, halafu unaendelea upande wa Nguba, na kila mahali nyumba zinapoachana unaliona ziwa. Nganda tuliyoichagua ipo upande huo, ngazi kumi na mbili chini ya barabara. Nilizihesabu kwa ajili ya magoti ya Mama. Ina paa la majani, meza za mbao, na mbele yake maji. Ng'ambo unaona vilima vya Rwanda, na si mbali na hapo mto Ruzizi unatoka ziwani kushuka kuelekea Tanganyika.

Mama mwenye nganda alitupokea vizuri, lakini tulipomwambia tunataka sambaza nyingi za Jumamosi, alitikisa kichwa. "Mama, mumechagua juma mubaya. Mwezi iko mukubwa."

Mimi nimekula sambaza tangu nimeota meno, na sikuwahi kujua jambo hili. Alitueleza. Wavuvi wetu wanatoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Mnaisikia usiku wakiimba. Wakifika mbali wanawasha taa juu ya maji na kushusha wavu. Vijidudu vinavyoliwa na sambaza vinafuata mwanga, sambaza wanafuata vijidudu, na wavu unapandishwa. Lakini mwezi ukiwa mzima, ziwa lote lina mwanga, na taa ya mvuvi haivuti tena mtu. Sambaza wanatawanyika. Kwa hiyo juma la mwezi mzima mavuno yanapungua na bei inapanda. Mwanamke anayeuza sambaza sokoni anajua kalenda ya mwezi kuliko padri anavyojua ya sikukuu.

Nilijifunza na jambo lingine, ambalo kitindamimba alituambia baadaye mezani. Sambaza si mzaliwa wa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa sababu katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki wa kula vile vijidudu. Ziwa lina kina cha mita 485, lakini samaki wanaishi sehemu ya juu tu. Chini kabisa hakuna hewa ya kuvuta, kuna gesi. Basi kitoweo tunachokiita cha kwetu kilikuja kama mgeni, na leo kinalisha mji mzima.

Tukapatana hivi: sambaza kidogo kwa kuanzia, tilapia wakubwa wanane wa kuchoma, makemba, bugali wa muhogo, lenga-lenga, na pilipili pembeni. Tukaacha nusu ya malipo.

Nani analipa?

Wapendwa, hapa ningependa mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa karamu nyingi zinavunjika. Kaka mkubwa aliposikia, alisema atalipa yote. Ni mtu mwenye moyo, sikatai. Lakini dada alisema, "Sitakula feza ya kiwanja." Na kama dada angelipa, kaka asingekuja kabisa.

Tukafanya kama tunavyofanya katika likelemba yetu. Kila mtoto alitoa dola 20, mwenye kazi nzuri na asiye na kazi sawasawa. Dada wa Kamituga alitoa 10 mkononi, nyingine 10 nikamkopesha kimya kimya, atanirudishia. Feza yote, dola 120, ikakaa kwangu tangu Alhamisi, nikaandika kwenye kikaratasi. Siku ya Jumamosi hakuna aliyeingiza mkono mfukoni mbele ya wengine. Chakula kilikuwa cha Mama, na sote sita tulikuwa tumekinunua.

Jumamosi yenyewe

Ndugu wa Uvira alifika na mfuko wa ndakala waliokaushwa, ili ziwa lake nalo liwe mezani. Mama alivaa kitenge alichoshonewa kwa harusi ya mjukuu. Zile ngazi kumi na mbili alizishuka akishikwa na wajukuu wawili, akakaa, akatazama maji, akauliza kwa nini hatukumleta hapa zamani.

Mambo hayakwenda yote sawa. Muziki ulikuwa juu, tukaomba mara tatu ndipo ukapunguzwa. Sambaza walikuja sahani mbili tu kwa watu 23. Na badala ya tilapia wanane walipatikana sita. Mama mwenye nganda aliomba radhi na kuturudishia feza ya wawili. Kaka mkubwa alichelewa saa nzima, na muda wote huo dada alikaa akiangalia ziwa, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja gari.

Kaka alipofika alisalimia wote kwa pamoja, kwa neno moja, ili asilazimike kumsalimia mmoja mmoja. Akataka kukaa upande wa wanaume. Mama akamwita: "Kuja huku." Akamkalisha kuume kwake. Kushoto kwake alikuwa dada.

Samaki wakawekwa katikati ya meza, bila kugawanywa, kama kitindamimba alivyoomba. Mmoja kwa watu wanne. Mama akawaambia wale wawili, "Macho yangu haioni tena miiba. Munitolee."

Mimi naishi karibu na Mama. Nyumbani anajitolea miiba mwenyewe, tena haraka kuliko sisi. Lakini nilinyamaza.

Basi watu wawili ambao miaka sita hawakusemeshana wakainamia samaki mmoja. Yeye anatoa huku, mwenzake anatoa huku, nyama nyeupe wanaiweka pembeni mwa sahani ya Mama. Meza yote ilijifanya haiangalii. Watoto walikuwa wanagombea sambaza. Halafu nikamsikia dada akisema, bila kuinua kichwa, "Yaya, hapo kuna mwiba bado." Na kaka akasema, "Naona."

Ni hayo tu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeomba msamaha. Lakini lile neno Yaya, sikuwa nimelisikia kinywani mwa dada tangu mwaka wa pili baada ya kilio cha Baba. Mama alikula polepole sana. Kila alipomaliza kidogo, aliomba tena.

Baadaye nikatazama upande wa wake wa ndugu zetu. Walikuwa wamekaa. Wote watatu, wamekaa kwenye viti, wanakula samaki wa moto. Mke wa kaka mkubwa aliniambia kwamba katika miaka 19 ya ndoa, ilikuwa mara ya kwanza kula chakula cha familia yetu kabla hakijapoa. Nilipata aibu kidogo, kwa sababu mimi ni wifi yake na sikuwahi kuliona.

Tulipokuwa tunaondoka, mwezi ulikuwa unatoka nyuma ya vilima vya Rwanda, mwekundu na mkubwa. Mama akauangalia, akasema, "Njo huyu alikula sambaza yetu." Tukapanda ngazi tukicheka.

Na kiwanja?

Najua mnataka kujua. Kiwanja bado ni kile kile. Samaki hawafuti mauzo. Mezani tulikuwa tumekatazana kutamka neno hilo, na hakuna aliyelitamka.

Lakini Jumatatu dada alikuja na sahani ya Mama, na safari hii hakumtuma mtoto. Alisimama langoni kidogo. Mke wa kaka alitoka, akamshika mkono, akaingia naye. Alikaa dakika chache tu. Kabla ya kutoka alimwambia kaka, "Nitarudi siku utaweka karatasi zote juu ya meza." Kaka akajibu, "Chagua siku." Wamechagua. Watakuwapo wote sita, na mzee mmoja wa ukoo asiye na upande.

Siku ile tutaenda na sheria mkononi, na ninaiandika hapa kwa sababu inawahusu wengi wenu. Kanuni ya familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haisemi kwamba mrithi ni mtoto wa kiume wa kwanza. Watoto wote wa marehemu, wa kike kwa wa kiume, ni warithi wa kundi la kwanza, wanapata robo tatu za urithi, na wanagawana sawa. Mjane naye ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Mama zetu wengi wamefukuzwa na desturi ambayo sheria haiijui. Tuijue, tuwaeleze na binti zetu.

Lakini sheria inataka watu waweze kukaa meza moja kuisoma. Sisi tulikuwa hatuwezi. Sasa labda tutaweza.

Kwa mwenye kutaka kujaribu

Mchango uwe sawa, ukusanywe kabla ya siku, na ukae kwa mtu mmoja anayeandika. Shukeni wenyewe kuona mahali: ngazi, choo, maji ya kunawa na sabuni, sauti ya muziki. Chagueni mchana, ili wazee wawe nyumbani kabla usiku haujawa mwingi. Patanani mapema juu ya bia. Sisi tulisema moja kwa mtu mzima anayekunywa, na mengine ni vinywaji vya sukari na maji. Sahani ziwekwe katikati. Maneno ya kesi yabaki nyumbani. Na kama mnataka sambaza za kutosha, tazameni juu kwanza: nendeni wakati usiku ni wa giza.

Kwa wale wanaoendelea kuuliza kama ni heshima kumpeleka mama mzee nganda, nawapa jibu lake mwenyewe. Jumapili baada ya misa, mama mmoja alimwuliza hivyo mbele yangu. Mama akamjibu, "Pale nilikuwa na batoto sita. Mu nyumba yangu niko na mumoja."

Mubaki salama. Tukutane Jumanne, na msisahau vitabu vyenu vya likelemba.